Ghorofa Huanza Kuhesabiwa Wapi?

Mfasiri anayekutana na maneno ya Kiingereza "floor", "storey" na "level" katika maelezo ya jengo kwa kawaida huishia kwenye neno moja la Kiswahili, yaani ghorofa, na kwa kuwa neno hilo linaonekana kutosha, huliandika na kuendelea na kazi yake bila kugundua kwamba huenda ameongeza au amepunguza sehemu nzima ya nyumba. Nyumba ambayo Mwingereza anaiita "two-storey house" ina sehemu mbili tu, moja ikiwa chini na nyingine juu yake. Lakini msomaji wa Kiswahili akiambiwa kuwa nyumba ina ghorofa mbili, aghalabu huiona akilini sehemu ya chini, kisha ghorofa ya kwanza, kisha ya pili, ambazo jumla yake ni tatu. Kosa hilo halitokani na uzembe wa mfasiri wala upungufu wa Kiswahili. Linatokana na ukweli kwamba kila neno kati ya hayo hujibu swali lake: moja hueleza mtu yuko wapi ndani ya jengo, jingine hueleza jengo limepanda kiasi gani, la tatu hueleza mahali fulani pako kwenye kimo kipi, na ghorofa ya Kiswahili nayo ina swali lake lenyewe, ambalo halilingani sawasawa na lolote kati ya hayo.

Neno "storey" linafaa kutangulia kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi zaidi. Maana yake ni nafasi nzima iliyo kati ya sakafu moja na sakafu inayofuata juu yake, au kati ya sakafu ya mwisho na paa, pamoja na kuta zinazoizunguka nafasi hiyo. Ni tabaka la jengo kama linavyoonekana na mtu aliyesimama barabarani akihesabu safu za madirisha. Kwa hiyo kazi yake kubwa ni kuhesabu, na ndiyo sababu huandamana na idadi: jengo lina "storeys" tatu, kumi au arobaini. Ni nadra Mwingereza wa leo kusema kwamba anaishi kwenye "third storey", ingawa maandishi ya zamani na Kiingereza cha Marekani huwa na matumizi ya namna hiyo. Jambo la kushikilia ni kwamba katika hesabu hii sehemu ya chini huhesabiwa kama sehemu nyingine zote. Nyumba isiyo na kitu juu yake isipokuwa paa, ile ambayo Kiswahili hakiiiti ghorofa hata kidogo, Kiingereza huiita "single-storey", yaani nyumba yenye tabaka moja, na anayeitafsiri kuwa nyumba ya ghorofa moja ameijengea ngazi na vyumba vya juu ambavyo havipo.

Tahajia ya neno hilo pia huleta mkanganyiko, kwa kuwa Waingereza huandika "storey" kwa umoja na "storeys" kwa wingi, ilhali Wamarekani huandika "story" na "stories", sawasawa na neno lenye maana ya hadithi. Kufanana huko kuna sababu. Maneno yote mawili yanatokana na neno la Kilatini "historia", ambalo katika Kilatini kilichoandikwa Uingereza enzi za kati lilitumika pia kwa tabaka la jengo, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba nyuso za majengo makubwa zilipambwa kwa safu za madirisha yenye picha au sanamu za kuchongwa zilizosimulia visa, kisha jina la safu ya picha likahamia kwenye tabaka lililobeba picha hizo. Neno historia limeingia katika Kiswahili pia, na ni jambo la kupendeza kwamba neno ambalo Mswahili hulitumia kwa habari za kale ndilo hilohilo ambalo Mwingereza, bila kujua, hulitumia kuhesabia majengo yake.

Neno "floor" ni la jamii ya lugha za Kijerumani, na ndugu zake wangali hai katika lugha za jirani, kama "vloer" la Kiholanzi; maana yake ya msingi ni kitu kinachokanyagwa, yaani sakafu, iwe ya udongo, ya mbao au ya zege. Kutoka hapo maana ilipanuka hadi kwenye sehemu yote ya jengo inayokaliwa juu ya sakafu hiyo, na ndiyo maana neno hili hutumika kuelekeza: ofisi iko "floor" gani, mgonjwa amelazwa "floor" gani, lifti imekwama "floor" gani. Tofauti iliyopo kati yake na "storey" ni kwamba "storey" hutazamwa kutoka nje na "floor" hutazamwa kutoka ndani. Mhandisi anayesema kwamba jengo lina "storeys" kumi anazungumzia umbo na uzito wa jengo, ilhali mlinzi wa mlangoni anayemwelekeza mgeni kwenye "floor" ya sita anazungumzia safari ya mgeni huyo. Vilevile mchoro wa mpangilio wa vyumba na eneo la vyumba katika mita za mraba huandamana na "floor" wala si na "storey", kwa kuwa vyote viwili hupimwa pale panapokanyagwa.

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao haufai kupitwa haraka. Neno sakafu limetokana na "saqf" la Kiarabu, na maana ya "saqf" ni paa au dari, kitu kilicho juu ya kichwa na si chini ya mguu. Geuko hilo la maana hueleweka mara moja kwa anayezijua nyumba za mawe za Lamu, Pate na Unguja. Katika nyumba hizo mafundi walipanga boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, wakazifunika kwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha wakamwaga chokaa na kuipiga kwa muda mrefu mpaka ikashikamana na kuwa ngumu. Na kwa kuwa boriti zilikuwa na urefu wake wa kimaumbile, vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa karibu mita 3 au pungufu. Kazi hiyo moja ilizaa vitu viwili, kwani aliyekaa chini aliiona dari, na aliyepanda juu yake alikanyaga sakafu. Neno la Kiarabu lililotaja upande wa chini wa kazi ile likaja kutaja upande wake wa juu, huku neno dari likibaki na tabaka zote mbili za maana, kwa sababu hadi leo laweza kutaja kifuniko cha chumba au chumba chenyewe kilicho juu, kama inavyosikika katika usemi wa kukaa darini.

Lugha ya bahari imepita njia iyo hiyo. Neno "deck" la Kiingereza lilitokana na neno la Kiholanzi la kale lenye maana ya kifuniko, na mwanzoni lilitaja kile kinachoufunika mwili wa chombo ili maji yasiingie. Baadaye, kwa kuwa mabaharia walitembea juu ya kifuniko hicho, likawa jina la mahali pa kutembelea. Sitaha ya Kiswahili nayo inahusiana na neno la Kiarabu lenye maana ya uso wa kitu na paa bapa la nyumba. Kwa hiyo mtu asishangae kwamba "deck" hutumika kwa meli, kwa basi lenye sehemu mbili za abiria, na huko Marekani kwa jengo la kuegesha magari, lakini haitumiki kwa nyumba ya kuishi, isipokuwa kwa baraza la mbao lililo wazi nje ya mlango. Wazo lake ni jukwaa lililotandazwa juu ya kitu kingine, nalo halihitaji kuta.

Ugumu mkubwa wa "floor" huanza pale inapotiwa nambari. Kwa Waingereza, sehemu iliyo usawa wa ardhi huitwa "ground floor", na "first floor" ni ile iliyo juu yake. Kwa Wamarekani, "first floor" ndiyo sehemu ya chini yenyewe, na iliyo juu yake ni "second floor". Mantiki zote mbili ni sahihi. Mwingereza huchukulia ardhi kuwa sifuri na huhesabu mara ambazo mtu amepanda, ilhali Mmarekani huhesabu sakafu zilizopo kuanzia ya kwanza anayoikanyaga, jambo ambalo lina faida ya kuifanya nambari ya sehemu ya juu kabisa ilingane na idadi ya "stories" za jengo. Kwa Mwingereza nambari hizo haziwezi kulingana, kwa kuwa jengo lenye "storeys" kumi lina "ninth floor" juu kabisa. Urusi, Uchina na Japani huhesabu kama Wamarekani, na sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi huhesabu kama Waingereza. Kenya, Uganda na Tanzania zimefuata Uingereza, na lifti nyingi za Nairobi na Dar es Salaam zina kitufe chenye herufi G kabla ya kitufe cha 1. Huko Marekani, ili kumwondolea mgeni shaka, kanuni za kuwawezesha watu wenye ulemavu kuyafikia majengo zinataka kitufe cha lango kuu ndani ya lifti kiwekewe alama ya nyota inayoweza kupapaswa kwa kidole, hivyo mtu asiyeona na mgeni asiyejua desturi ya mahali huongozwa na alama hiyo moja.

Mtu anaweza kufikiri kwamba Waafrika Mashariki huhesabu hivyo kwa kuwa tu walitawaliwa na Waingereza, lakini neno ghorofa lenyewe linashuhudia kwamba hesabu hii ina mizizi mingine. Ghorofa, au orofa kama walivyozoea kuandika wa zamani, inatokana na "ghurfa" la Kiarabu, ambalo leo hutumika kwa chumba chochote, lakini katika Kiarabu cha kale lilitaja hasa chumba cha juu. Katika Kurani, sura ya Az-Zumar aya ya 20, wingi wake umetumika kwa makao ya peponi yaliyojengwa moja juu ya jingine. Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo ya kuwa juu. Chumba cha chini si ghorofa, na nyumba isiyo na sehemu ya juu haina ghorofa, kwa hiyo ghorofa ya kwanza haiwezi kuwa nyingine ila ile ya kwanza kufikiwa baada ya kupanda ngazi. Fundi wa Tanzania ana mgawanyo huohuo kazini kwake, kwa kuwa zege linalomwagwa juu ya udongo na kifusi huliita jamvi, na linalomwagwa juu ya kuta au nguzo huliita slabu. Slabu ya kwanza ndiyo sakafu ya ghorofa ya kwanza, na jamvi halimo katika hesabu.

Kutokana na hayo, ghorofa hulingana na "floor" ya Waingereza inapotumika kwa mpangilio, kama katika ghorofa ya tatu, lakini hailingani na "storey" inapotumika kwa idadi, kama katika ghorofa tatu. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo lote, na anayelielewa hilo atafasiri vizuri hata kama hatakumbuka kitu kingine. Jengo lenye "storeys" tatu ni jengo la ghorofa mbili; la "storeys" kumi ni la ghorofa tisa. Kifaransa, kwa bahati njema, kiko upande mmoja na Kiswahili, kwani nyumba inayosemwa kuwa na "étage" moja ina sehemu ya chini na nyingine moja juu yake, na kwa hiyo Mkongomani wa Lubumbashi au Bukavu anayesema etaje kwa Kiswahili chake hana haja ya kujumlisha wala kutoa anapovuka kutoka lugha moja hadi nyingine. Anayetoka kwenye Kiingereza ndiye anayepaswa kutoa moja.

Ni kweli kwamba matumizi hayajatulia. Magazeti huandika idadi ya ghorofa kwa kuichukua moja kwa moja kutoka taarifa za Kiingereza, na wapo wasemaji, hasa wa mijini, ambao sasa huhesabu sehemu ya chini pamoja na za juu, ndiyo maana mazungumzo ya kawaida kuhusu nyumba ya kupanga huwa na swali la kuhakikisha kama ghorofa zilizotajwa ni pamoja na ya chini. Watu wa ujenzi wamejitengenezea dawa yao. Katika michoro, matangazo ya viwanja na mazungumzo ya makandarasi, kuanzia Afrika Mashariki hadi Uarabuni ambako wasemaji wengi wa Kiswahili huishi na kufanya kazi, jengo huandikwa G+4, yaani sehemu ya chini na nyingine nne juu yake. Penye Kifaransa huandikwa R+4, herufi ya kwanza ikisimamia jina la Kifaransa la sehemu ya chini. Maandishi hayo mafupi yana sifa ambayo maneno hayana, kwa kuwa yanatenganisha wazi kilicho ardhini na kilicho juu, na hakuna anayeweza kuyasoma kwa namna mbili. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kupata uwazi huohuo kwa kuandika kwamba jengo lina sehemu ya chini na ghorofa nne, na maneno machache anayoongeza yanastahili nafasi yanayoichukua.

Hata hivyo nambari ya "floor" si hesabu ya kweli kila mara. Ni jina, na majina huweza kutolewa kwa sababu za imani au za biashara. Majengo mengi ya Marekani hayana "floor" ya 13, kwa kuwa nambari hiyo huogopwa, na iliyo juu ya 12 hupewa 14. Katika miji mingi ya Asia Mashariki nambari 4 hurukwa kwa sababu matamshi yake katika Kichina yanakaribia yale ya neno kifo. Mfano mashuhuri zaidi ni Trump Tower ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1983, ambayo ina "stories" 58 lakini ya juu kabisa imepewa nambari 68, kwa hoja kwamba ukumbi mkubwa wa chini una kimo cha sehemu kadhaa za kawaida. Anayeishi huko kwenye nambari 60 hajapanda sehemu 60, na hapo tofauti ya "floor" na "story" huonekana kuliko mahali pengine popote, maana nambari ya "floor" huweza kubadilishwa kwa kubandika kibao kingine, lakini idadi ya "stories" haibadiliki mpaka mtu ajenge au abomoe.

Neno "level" ni la namna nyingine kabisa. Lilitokana na neno la Kilatini la mizani ndogo, na hadi leo ndilo jina la kifaa ambacho mafundi wa Kiswahili hukiita pimamaji, kile chenye kichupa cha maji na kiputo cha hewa kinachoonyesha kama tofali limelala sawa. Wazo lake ni usawa na kimo kilichopimwa kutoka mahali maalumu. Katika michoro ya wasanifu majengo kila sakafu huandikiwa kimo chake kwa mita kutoka sifuri iliyochaguliwa, na kimo hicho ndicho "level", iwe mtu anaweza kukaa hapo au hawezi. Kwa kuwa halidai kuta, paa wala kuwa juu ya ardhi, neno hili limependwa katika viwanja vya ndege, maegesho ya magari na maduka makubwa, hasa yaliyojengwa kwenye mteremko, ambako mgeni anayeingia kwa mlango wa barabara ya juu na anayeingia kwa mlango wa barabara ya chini kila mmoja angedai kwamba sehemu yake ndiyo ya chini. Singapore, ingawa ilikuwa chini ya Waingereza, imezoea kuandika katika anwani nambari ya "level" ikianzia 01 kwa sehemu ya chini, na hivyo imeukwepa ubishi wa "ground" na "first". Kwa Kiswahili, usawa ndilo neno lililo karibu zaidi, na kulitumia kwa maegesho, kama katika usawa wa pili, kungefaa kuliko kuita ghorofa sehemu iliyochimbwa chini ya ardhi.

Sehemu za chini ya ardhi zina maneno mawili yanayochanganywa hata na Waingereza wenyewe. "Cellar" inatokana na neno la Kilatini la ghala, na wazo lake ni chumba cha kuhifadhia mvinyo, makaa au chakula. "Basement" ni tabaka la jengo lililozama lote au nusu, ambalo watu wanaweza kufanya kazi au kuishi ndani yake. Sheria za New York zimezitenganisha kwa kipimo: tabaka ambalo angalau nusu ya kimo chake iko juu ya usawa wa ukingo wa barabara ni "basement", nalo huhesabiwa kuwa "story", na ambalo zaidi ya nusu imezama ni "cellar", nalo halihesabiwi. Mstari huo wa katikati ya ukuta huchangia kuamua kama chumba kinaweza kupangishwa kihalali au la. Tarehe 1 Septemba 2021, mvua kubwa zilizoletwa na mabaki ya kimbunga Ida zilisababisha mafuriko katika mji huo, na watu 11 wakafa katika makazi ya chini ya ardhi. Tangu hapo maneno hayo mawili yamezidi kuwa mada ya watunga sera.

Kati ya sehemu ya chini na ya kwanza huweza kuwapo "mezzanine", neno la Kiitaliano lenye maana ya cha katikati, ambayo ni sakafu fupi isiyoenea jengo zima na ambayo mtu akisimama ukingoni mwake huona sehemu iliyo chini. Kanuni za ujenzi zinazotumiwa na majimbo mengi ya Marekani huichukulia kuwa sehemu ya "story" iliyo chini yake mradi, kwa kawaida, eneo lake lisizidi theluthi moja ya chumba ilimo. Juu kabisa yako maneno ambayo asili zake zinavutia kuliko matumizi yake: "attic", iliyotokana na jina la jimbo la Attica huko Ugiriki kwa sababu ya mtindo wa nguzo fupi zilizopamba sehemu ya juu ya majengo, "loft", kutoka neno la watu wa Skandinavia lenye maana ya anga, na "penthouse", ambayo mwanzoni ilikuwa "pentis", kibanda cha mgongo kilichoegemezwa kwenye ukuta, kabla masikio ya Waingereza hayajalisikia neno la nyumba ndani yake na kuligeuza. Kibanda hicho kimekuwa makazi ya matajiri kwa sababu ya lifti. Kabla ya Elisha Otis kuonyesha New York mwaka 1854 breki inayozuia lifti kuanguka kamba ikikatika, vyumba vya juu vilikuwa vya maskini na watumishi, kwa kuwa waliokaa humo walilipa kwa miguu yao.

Pasipo na uhakika wa maneno haya, sheria haiwezi kufanya kazi, na Uingereza imelijua hilo kwa gharama kubwa. Baada ya moto wa Grenfell Tower jijini London, uliotokea tarehe 14 Juni 2017 na kuua watu 72, nchi hiyo ilitunga Sheria ya Usalama wa Majengo ya mwaka 2022, ambayo huyawekea masharti makali zaidi majengo ya makazi yenye kimo cha angalau mita 18 au angalau "storeys" 7. Vipimo hivyo viwili hukaribiana sana, kwa kuwa kimo hicho hupimwa kutoka ardhini hadi sakafu ya tabaka la juu kabisa na si hadi kwenye paa. Penye matabaka saba, sakafu ya la saba imebebwa na sita, na kila moja likiwa na mita 3, jibu ni 18. Mswahili angeliita jengo hilo la ghorofa sita. Kanuni za sheria hiyo zinaeleza hata namna ya kuhesabu: matabaka yaliyo chini ya ardhi huachwa, na "mezzanine" huhesabiwa ikiwa eneo lake ni angalau nusu ya tabaka kubwa kuliko yote yaliyo juu ya ardhi.

Jengo la Grenfell lenyewe lilikuwa na "storeys" 24. Lilipokamilika mwaka 1974, matabaka manne ya chini yalipewa majina yasiyo na mfuatano wa nambari, na hesabu ya "floor" ilianza kwenye tabaka la tano, ikaishia 20. Ukarabati uliomalizika mwaka 2016 uliongeza makazi katika sehemu hizo za chini, na nambari zote zikapangwa upya kuanzia ardhini, hivyo iliyokuwa ya kwanza ikawa ya nne na iliyokuwa ya 20 ikawa ya 23. Moto ulianzia kwenye hiyo ya nne. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi, iliyotolewa Oktoba 2019 chini ya jaji mstaafu Martin Moore-Bick, ilieleza kwamba nambari zilizoandikwa ndani ya jengo hazikuwa zimewekwa wazi na hazikuwa zimebadilishwa baada ya mpangilio kubadilika, na kwamba kwa sababu hiyo askari wa zimamoto walishindwa kutambua vizuri walipokuwa wakati wa kuzima moto na kutafuta watu. Ripoti ilipendekeza nambari ziandikwe kwenye kila kituo cha ngazi na katika kila ukumbi wa lifti, kwa namna ambayo zitaonekana hata penye mwanga hafifu na moshi, na tangu tarehe 23 Januari 2023 wenye majengo marefu ya makazi nchini Uingereza wanalazimika kisheria kufanya hivyo.